Nimehitimu usanifu majengo, mbona bado sijawa msanifu?

Msomaji ameuliza: "Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza shahada ya usanifu majengo baada ya miaka mitano, na sasa nina miezi saba kwenye ofisi ya usanifu. Kazi yangu kutwa ni kutengeneza picha za kompyuta za kuwaonyesha wateja. Naambiwa bado nina miaka ya mafunzo kazini, halafu mtihani, ndipo nipate leseni. Je, si kupoteza muda wakati kazi naijua? Hizi saa ninazokaa kwenye picha zinahesabika? Na mtihani niufanye lini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalokula siku zako huku ukisubiri jibu. Saa za kutengeneza picha zinahesabika, ila zinaingia kwenye kapu moja tu, na kapu hilo likishajaa huna tena pa kuziweka. Mafunzo kazini ya usanifu hayapimwi kwa urefu wa muda peke yake. Kinachoangaliwa ni umegusa hatua ngapi za maisha ya jengo, tangu mteja anapoeleza anachotaka hadi siku anapokabidhiwa funguo. Ukikaa miaka mitatu kwenye picha, umeona hatua moja mara nyingi sana, na zilizobaki hujaziona.

Nichukue utaratibu wa Marekani kama mfano, maana wenzetu hao wameuvunja vipandevipande na kila kipande wamekipa namba. Programu yao inaitwa AXP, na inasimamiwa na NCARB, baraza linalounganisha bodi za usajili za majimbo. Inadai saa 3,740. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, hizo ni kama wiki 94, hazifiki hata miaka miwili. Lakini zimegawanywa mafungu sita. Fungu kubwa kuliko yote, saa 1,520, ni la michoro ya ujenzi na maelezo yake, yaani ile michoro ambayo fundi anaishika mkononi. La pili, saa 1,080, ni la kupanga na kubuni jengo lenyewe, na humo ndimo picha zako zinamopata nafasi. Usimamizi wa mradi umepewa saa 360, ujenzi na tathmini saa 360, uchambuzi wa kiwanja na mahitaji ya mteja saa 260, na uendeshaji wa ofisi saa 160.

Tazama hayo mafungu madogo. Saa 160 ni wiki nne. Saa 360 ni wiki tisa. Kwenye karatasi ni jambo jepesi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Saa za kuchora zinakuja zenyewe, maana kila ofisi ina njaa ya wachoraji. Saa za kusoma mkataba, za kukaa na mteja asiyeelewa kwa nini gharama zimepanda, za kusimama saiti na mkandarasi kabla zege halijamwagwa, hizo haziji mpaka uziombe. Nimewaona wahitimu wenye vipaji vya kweli wamemaliza saa za kuchora mara mbili ya zinazotakiwa, na fungu la saiti halijafika nusu. Waliilaumu bodi. Miaka yao ilikuwa imepotea ofisini, wiki baada ya wiki, kwa kupewa kazi ileile na kunyamaza.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, la kama haya yote yana maana. Naliheshimu, kwa sababu nami niliwahi kuliuliza, na nilikuwa na hasira kuliko wewe.

Chuo kimekufundisha kuwaza jengo na kulitetea mbele ya jopo. Usilidharau hilo hata siku moja, ofisi haitakufundisha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulala ndani ya mradi wako wa mwaka wa tano. Hakuna mkandarasi aliyeusoma mchoro wako akauelewa kinyume na ulivyokusudia. Hakuna aliyekuletea mabadiliko saa kumi na moja jioni, akakuambia ni madogo tu, akangoja saini yako.

Kuna tukio ambalo huwaeleza vijana wote ninaowasimamia. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, jimbo la Missouri, madaraja mawili ya kupitia watu yaliyoning'inizwa ndani ya ukumbi yalianguka juu ya umati uliokuwa umekuja kucheza dansi. Watu 114 walikufa. Muundo wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma kutoka darini, zikipita kwenye daraja la ghorofa ya nne na kuendelea hadi daraja la ghorofa ya pili, kila daraja likishikwa na nati zake. Fimbo ndefu namna hiyo, iliyochongwa hesi ili nati ipande hadi juu, ni tabu kuitengeneza na kuifunga. Basi ikabadilishwa: fimbo moja kutoka darini hadi daraja la juu, na nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini.

Kwenye mchoro, mabadiliko hayo ni mstari uliokatwa ukasogezwa kidogo pembeni. Kwenye jengo, maana yake ni kwamba boriti za daraja la juu sasa zilibeba uzito wao pamoja na uzito wa daraja la chini lililoning'inia kwao. Mzigo kwenye kile kiungo uliongezeka mara mbili, na hata muundo wa kwanza ulikuwa haujafikia kiwango kilichotakiwa na kanuni. Badiliko lilipita kwenye michoro ya karakana, yaani ile anayoichora mtengenezaji wa vipande kabla ya kuvitengeneza, likagongwa muhuri, likajengwa. Wahandisi wawili waliohusika walinyang'anywa leseni zao Missouri.

Utaniambia hao walikuwa wahandisi wa miundo. Kweli. Lakini michoro ya karakana inapita pia juu ya meza ya msanifu, na ukishapata leseni itapita juu ya yako. Siku hiyo jicho lako lazima lijue pa kusimama. Kusoma mchoro uliotengenezwa na mtu mwingine na kuuliza "mzigo huu unakwenda wapi sasa?" ni ujuzi ambao hakuna darasa la ubunifu linaloupa muda wa kutosha. Unaupata kwa kukaa kando ya mtu ambaye amefanya hivyo mara mia mbili, ukamwona anaposita.

Ndiyo maana nchi nyingi zilizotofautiana kwa kila kitu zimekubaliana juu ya hili. Jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuweka sheria ya leseni ya wasanifu, mwaka 1897. Mwaka 1999, Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo ulipokutana Beijing ulipitisha makubaliano yanayopendekeza masomo ya angalau miaka mitano na mafunzo kazini ya angalau miaka miwili kabla ya mtu kusajiliwa. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya kutambuana kitaaluma yaliyorekebishwa mwaka 2013, unaweka kiwango cha chini kuwa ama miaka mitano ya chuo, ama miaka minne ya chuo na miwili ya kazi chini ya usimamizi.

Ufaransa ndiyo inayonivutia zaidi kwa uwazi wake. Ukimaliza miaka mitano unapata diploma ya serikali na unatambulika kuwa mhitimu wa usanifu. Unaweza kuajiriwa ukafanya kazi nzuri maisha yako yote. Lakini kusaini mradi kwa jina lako kunahitaji kibali kingine, ambacho hupatikana baada ya kipindi cha masomo na kazi ofisini, kwa kawaida mwaka mmoja wenye angalau miezi sita ya vitendo, na kisha kutetea uliyojifunza mbele ya jopo. Wameitenga elimu na haki ya kubeba dhamana, na nadhani kila mhitimu angeelewa safari yake vizuri zaidi kama angeelezwa hivyo tangu mwaka wa kwanza. Shahada inasema unajua. Leseni inasema wewe ndiye utakayeulizwa.

Kuhusu kujiita msanifu kabla ya leseni, nakusihi ujizuie, hata kwenye kadi yako ya biashara, hata kwenye ukurasa wako wa kutafutia kazi. Uingereza, sheria ya mwaka 1997 inalinda jina lenyewe: mtu anaweza kuchora nyumba bila usajili, ila hawezi kufanya biashara akijiita msanifu majengo. Majimbo ya Marekani yanalinda jina, na kwa majengo mengi yanalinda na kazi pia. Suala la majina liliwasumbua hata NCARB, na mwaka 2015 wakaamua kuacha kabisa kuwaita wahitimu "interni", kwa sababu mtu wa miaka thelathini anayeongoza mradi hakustahili kuitwa jina la mwanafunzi wa likizo. Nilifurahi waliposema hivyo.

Kuna watu watakutajia Carlo Scarpa, Mwitaliano aliyefanya kazi za ajabu kwa zege, mawe na maji. Ni kweli hakuwa na leseni. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikataa kufanya mtihani wa kitaaluma uliowekwa na serikali. Wanaomtaja husahau kilichofuata: ilimlazimu kushirikiana na wasanifu wenye usajili ili miradi yake ijengwe, na watu walimwita Profesa. Hata mtu wa kiwango chake alihitaji mkono wa mwingine kwenye karatasi.

Tuje kwenye mambo ya kufanya, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza hakikisha msimamizi wako ana leseni hai. Usione haya kuuliza, ni swali la kawaida kabisa. Mtu anaweza kuwa na uzoefu wa miaka thelathini na usajili wake ukawa umekwisha muda, na saini yake kwenye daftari lako ikawa haina uzito. Kwa mfano wetu wa AXP, angalau saa 1,860, karibu nusu ya zote, lazima zipatikane ndani ya ofisi inayofanya kazi ya usanifu, chini ya msanifu mwenye leseni. Zilizobaki zinaweza kutoka kwingine, kama kwa mhandisi au kwenye ujenzi. Bodi ya nchi yako itakuwa na mgao wake. Uchukue, uusome wote, na ubandike ukurasa wa mafungu pale unapokaa.

Pili, andika daftari lako la kazi mapema. Narudia hili kwa kila kijana na bado wengi hawanisikii. Katika AXP, saa unazoziwasilisha ndani ya miezi minane zinahesabiwa zote. Zikizidi hapo, hadi miaka mitano, unapata nusu yake tu. Zikizidi miaka mitano, zimekwenda. Fikiria mtu aliyefanya kazi usiku na mchana kwenye hospitali kwa mwaka mzima, akaja kupewa nusu kwa sababu hakujaza fomu. Hata pale ambapo sheria si kali hivyo, wasimamizi huhama, ofisi hufungwa, watu hugombana. Saini unayoweza kuipata Ijumaa hii usiisubirishe mpaka Desemba.

Na unapoandika, usiandike "kuchora mpango wa ghorofa, saa 8". Andika kilichoamuliwa na sababu yake. Kwa mfano: "Tumehamisha ngazi ya dharura upande wa mashariki kwa sababu umbali wa kutoka chumba cha mwisho ulizidi kikomo cha kanuni za moto, nimerekebisha mpango na kumjulisha mhandisi." Mistari miwili kama hiyo kwa siku, na baada ya mwaka mmoja utakuwa umejiandikia kitabu cha kujiandalia mtihani ambacho hakiuzwi popote.

Tatu, na hili ndilo gumu, zungumza na bosi wako kuhusu saiti. Najua unaogopa kuonekana unaikimbia kazi uliyopewa. Mwaka wangu wa kwanza nami niliogopa, nikachora vyoo na madirisha mpaka nikadhani ndiyo taaluma. Siku moja nilitumwa saiti kupeleka karatasi tu. Fundi mwashi aliyekuwa akijenga kwa mchoro wangu aliniita, akanionyesha ukingo wa chini wa dirisha. Nilikuwa nimeuchora bapa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Maji ya mvua yataenda wapi, mwanangu?" Nilisimama pale bila jibu. Mchoro ulikuwa umepita mikono mitatu ofisini na hakuna aliyeliona. Tuliurekebisha kabla ya kupiga lipu, madirisha arobaini na kitu. Tangu siku ile sijawahi kuchora ukingo bila mwinamo, na sijawahi kumruhusu mhitimu wangu amalize miezi mitatu bila kuvaa kofia ya saiti.

Usiende kwa bosi na malalamiko. Nenda na mgao wa saa na daftari lako, mwonyeshe fungu lililojaa na lililo tupu. Kisha omba kitu kidogo kinachomsaidia na yeye: kuandika kumbukumbu za kikao cha saiti. Karibu hakuna anayeipenda kazi hiyo, na hakuna kazi inayofundisha kwa kasi kama hiyo. Ukiandika kumbukumbu lazima uelewe mkandarasi amechelewa kwa nini, mkadiriaji majenzi ameikataa hati gani ya malipo, mhandisi anasubiri jibu gani, na mteja amebadili nini bila kujua gharama yake. Baada ya vikao sita utaanza kutabiri ugomvi kabla haujatokea. Ukishaaminika kwa kumbukumbu, omba kukagua kundi moja la michoro ya karakana chini ya jicho la msanifu, halafu omba kushiriki ukaguzi wa mwisho wa kuorodhesha dosari kabla ya makabidhiano.

Kama umeomba kwa heshima mara mbili tatu na jibu ni lilelile, kwamba wewe ni mtu wa picha, basi tafuta ofisi nyingine. Nalisema kwa uzito, maana kuhama kuna gharama yake. Ofisi ndogo mara nyingi huwa bora kwa mtu aliye mwanzoni: watu ni wachache, kwa hiyo simu ya mkandarasi itapokelewa na wewe upende usipende. Ofisi kubwa ina miradi ya kujivunia, ila unaweza kuchora ukuta mmoja wa kioo kwa miezi kumi na minane. Nikichagua kwa niaba ya mwanangu, miaka miwili ya kwanza ningempeleka kwenye ofisi ya watu wanane yenye jengo linaloendelea kujengwa sasa hivi.

Mtihani. Huko Marekani unaitwa ARE na una sehemu sita zenye majina yaleyale ya mafungu ya uzoefu niliyokutajia, kila sehemu ikifanywa peke yake. Majimbo mengi yanaruhusu uanze kuufanya huku ukiendelea kukusanya saa. Zamani sehemu ulizofaulu zilikuwa na kikomo cha miaka mitano na mtu akichelewa zinaanza kufutika moja moja. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2023, na maksi sasa hudumu kwa kufuata toleo la mtihani, si kwa hesabu ya miaka. Uingereza desturi imekuwa tofauti: baada ya hatua mbili za chuo huja hatua ya tatu, inayotanguliwa na takriban miezi 24 ya kazi, na ndani yake unaandika uchambuzi wa mradi ulioushiriki kisha unahojiwa ana kwa ana. Huko huwezi kujificha nyuma ya kukariri. Watakuuliza ulifanya nini mkandarasi aliposema hivi.

Kwa hiyo, kama nchi yako inaruhusu sehemu sehemu, ushauri wangu ni kufanya kila sehemu wakati kazi yake bado iko mikononi mwako. Umetoka kushughulika na mikataba na malipo? Fanya ya usimamizi mwezi huo. Jengo linapanda? Fanya ya ujenzi. Kama mtihani ni mmoja wa mwisho, anza mapema kuchagua mradi utakaousimulia, na uufuate usikuponyoke hata ukihamishiwa kazi nyingine. Usingoje mpaka ujihisi uko tayari kwa yote. Nina marafiki wanaongoja tangu tulipohitimu pamoja, wana uwezo mkubwa, na wanachora majengo yanayosainiwa na watu ambao wao ndio waliowafundisha kazi.

Jambo dogo la mwisho, kama una ndoto ya kufanya kazi nje: leseni ni ya mahali. Hata ndani ya Marekani kila jimbo hutoa yake. Ila kuna makubaliano ya kutambuana, kwa mfano kati ya Marekani na Kanada, Australia, New Zealand, na tangu 2023 Uingereza, na yote yanamtaka mwombaji awe tayari amesajiliwa kwao. Daftari lililoandikwa vizuri na lenye saini litakufaa huko pia.

Kesho ukifika ofisini, uliza ni mradi gani una kikao cha saiti wiki hii, na nani anaandika kumbukumbu.